Jenereta la motohomu likigoma: cha kuangalia kabla hujashika spana na kabla hujapiga simu ya waranti

Mwaka juzi mwezi wa saba tulitoka Texas na motohomu yetu, yaani gari lenye nyumba ndani, tukapanda Colorado, mi na mke wangu na watoto watatu, siku ya pili tumepaki sehemu haina umeme wa kuchomeka, jua la saa nane limekaa juu ya paa, ndani kama tanuri, nikabonyeza swichi ya jenereta, likazunguka, likakohoa mara mbili, kimya. Nikabonyeza tena, hivyohivyo. Sasa mi kazi yangu ni kuendesha lori, boksi la spana natembea nalo, nikasema hii kabureta tu, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa, nikafungua. Gasketi ikachanika, skrubu moja ikavunjikia ndani. Jioni akaja mzee mmoja mstaafu aliyekuwa amepaki jirani, akasimama akaangalia vile vyuma nilivyopanga kwenye taulo, akauliza swali moja tu: geji ya mafuta inasoma ngapi? Ilikuwa chini ya robo.

Jenereta halikuwa na ugonjwa wowote. Lilikuwa na miezi 14, waranti yake miaka 3, na ile kabureta niliyoivuruga nikainunua kwa hela yangu kwa sababu waranti haikuigusa, na walikuwa na haki ya kukataa.

Kwa wasiojua habari ya robo: kwenye motohomu za petroli jenereta linanyonya kwenye tenki lilelile la gari, ila bomba lake la kunyonya ni fupi kuliko la injini. Limefupishwa makusudi, ili ukilala porini unaendesha AC usiku kucha usije ukaamka tenki tupu huna hata mafuta ya kukufikisha shell. Kwa hiyo tenki ikishuka kwenye robo hivi, jenereta linakosa mafuta na gari linaendelea kutembea kama kawaida. Na kama umepaki kwenye mteremko, linaweza kukosa hata kabla ya robo, kwa vile mafuta yamekimbilia upande mwingine. Watu wengi sana wameburuza motohomu mpaka kwa fundi kwa jambo hili moja.

Ndo maana naandika haya. Swali la "nitengeneze mwenyewe au nipeleke waranti" watu wanaliuliza mapema mno, kabla hawajajua linaumwa nini. Kuna kazi kubwa unaweza kuifanya bila kufungua hata nati moja, kazi ya kuangalia, kusikiliza, kupima na kuandika, na hiyo haiharibu waranti yoyote. Ukishaimaliza, mara nyingi jibu la nani atengeneze linakuja lenyewe.

Kabla ya yote, usalama. Ukisikia harufu ya petroli mbichi kwenye boksi la jenereta, usiliwashe "kujaribu tu", hapo ni simu moja kwa moja. Na moshi wa ekzosi una kaboni monoksaidi, haina harufu wala rangi, inaua watu wamelala. Jaribu king'ora cha gesi hiyo kwa kubonyeza kitufe kabla ya kila safari, angalia bomba la ekzosi halijapasuka wala kulegea, na usipaki ekzosi ikielekea ukuta, majani marefu au dirisha la jirani.

HALIZUNGUKI KABISA

Unabonyeza, kimya, au unasikia "ta!" moja basi. Hapa kwa asilimia kubwa usiliwaze jenereta, waza betri. Jenereta kwenye motohomu nyingi linapigwa stata na betri za nyumba, zile zinazowasha taa na pampu ya maji, siyo betri ya gari. Watu wanasema "mbona gari linawaka vizuri", ndiyo, gari lina betri yake.

Chukua multimita, kile kipimo cha umeme, pima betri za nyumba zikiwa zimetulia, hazichajiwi. Kwa betri za kawaida za risasi na asidi, volti 12.6 na kwenda juu imejaa, 12.2 iko nusu hivi, chini ya 12 hiyo imekwisha. Halafu mwambie mtu abonyeze swichi ya jenereta huku wewe unasoma. Ikianguka chini ya 10 wakati wa kupiga stata, betri ni dhaifu au waya una kutu. Kama dashibodi ina ile swichi ya kuunganisha betri mbili kwa muda, ishikilie, piga stata. Likizunguka, umeshajua, washa injini ya gari zichaji, jioni ukanunue betri.

Kama betri ni nzima na bado kimya, fuata waya mnene mweusi unaotoka kwenye jenereta kwenda kwenye chasisi. Huo ndo ninaouonea huruma kuliko wote, uko chini, unapigwa chumvi ya barabara za majimbo ya baridi na maji ya mvua. Mi niliwahi kuukuta wa rafiki yangu kwa macho ya haraka uko safi kabisa, nilipoushika ukazunguka kwenye bolti yake kama pete kwenye kidole chembamba, na chini ya ile pete kuna unga wa kijani. Kusugua hapo kwa brashi ya waya na kukaza bolti ni matunzo ya kawaida, fanya mwenyewe, piga picha kabla na baada.

Kuna fyuzi ndogo pia kwenye jenereta lenyewe, kitabu chako kitakuonyesha ilipo. Ikiwa imeungua badilisha mara moja tu, kwa ampea zilezile. Ikiungua tena, acha. Hapo kuna waya umegusa mahali, na kuutafuta ni kufungua, na kufungua ni kazi ya waranti.

LINAZUNGUKA LAKINI HALIWAKI

Hapa ndo kwenye mambo mengi, na ndo mahali watu wanaharibu.

Kwanza geji, nimeshasema. Pili oili, chomoa kijiti usome gari likiwa limekaa sawa, maana majenereta mengi yanakataa kuwaka au yanajizima oili ikipungua. Ukijaza kupita kiasi nayo ni tatizo. Tatu sikiliza pampu. Zima redio, zima feni, mwenzako ashikilie swichi. Kwenye majenereta mengi ya petroli ya kampuni ya Onan, na Onan ndizo utakazozikuta kwenye motohomu nyingi za Marekani, ukishikilia upande wa kuzima bila kuachia, pampu inaamka yenyewe kupandisha mafuta bila kupiga stata, unasikia tik-tik-tik-tik kutoka kwenye boksi. Shikilia mpaka sekunde 30, achia, halafu piga stata. Jenereta lililokaa wiki kadhaa mara nyingi linahitaji hicho tu. Usikae unapiga stata dakika nzima bila kupumzika, stata inaungua, na stata iliyoungua kwa namna hiyo utalipia mwenyewe.

Pampu ikilia lakini haliwaki, umri wa petroli. Hapa ndo moyo wa jambo zima. Petroli nyingi ya Marekani ina ethanoli mpaka asilimia 10, inavuta unyevu, na ikikaa miezi bila dawa ya kutunza mafuta inaanza kugeuka gundi. Kwenye tenki la galoni 55 huoni kitu, gari linawaka vizuri. Lakini kabureta ya jenereta ina vitundu vyembamba kama tundu la sindano, na yale mafuta kidogo yaliyobaki kwenye kikombe chake yanakauka humo kipindi chote cha baridi. Mwezi wa nne unakuja kuwasha, vitundu vimeziba.

Waranti haishughuliki na hili. Soma karatasi yako, karibu zote zinaandika kwamba mafuta mabovu, machafu au yaliyokaa siyo kosa la kiwanda. Mzee wangu mmoja, mtu wa Mombasa anayeishi Minnesota, alipeleka motohomu yake gereji mwezi wa tano akiwa na uhakika iko ndani ya waranti, ikakaa wiki saba kwenye foleni, na mwisho akaletewa bili ya kuchunguza na kusafisha kabureta. Alikasirika sana. Nilimwambia mzee, ile bili ungeijua siku ya kwanza kama ungejiuliza swali moja: mara ya mwisho niliwasha lini? Kama jibu ni "kabla ya theluji", basi waranti usiihesabu kwa kosa hili. Ongeza petroli mpya tenki ijae, weka dawa ya kusafishia mfumo wa mafuta kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, shikilia pampu, jaribu mara kadhaa kwa kupumzika. Lisipokubali, ama umlipe fundi asafishe, ama uibadilishe kabureta, na ukiamua kuibadilisha mwenyewe nunua ya kiwanda na utunze risiti.

Sasa kuhusu kodi za kupepesa, yaani namba za hitilafu zinazotolewa na taa, maana watu wanaziogopa bure. Onan zenye kontrola ya kielektroniki, yaani ubongo unaoliendesha jenereta, zina taa kwenye swichi, na likizima kwa hitilafu taa inapepesa. Ikipepesa mara 4 maana yake limezungushwa muda mrefu bila kuwaka. Ikipepesa mara 3 inakwambia kuna kodi ya tarakimu mbili imejificha, bonyeza upande wa kuzima mara 3 haraka, ndani ya sekunde 5, utaona inapepesa kwa mafungu: mara 3, inapumzika kidogo, mara 6, hiyo ni 36. Na 36 ndo utakayoiona sana, inasema injini imezima yenyewe bila kontrola kuiamuru, na chanzo kikubwa cha 36 ni kukosa mafuta. Tunarudi kwenye geji, filta na kabureta. Ukipata 32 imezunguka polepole mno, rudi kwenye betri na waya. Fungua kitabu cha modeli yako kwa kodi nyingine, zinatofautiana. Halafu rekodi video ya ile taa inavyopepesa, ukiwa umeonyesha na mita inayohesabu masaa ya kazi ya jenereta. Video hiyo ya sekunde 20 ina nguvu kwenye simu ya waranti kuliko maelezo ya nusu saa.

Plagi na filta ya hewa ni ruhusa yako kabisa, ziko kwenye ratiba ya matunzo ya kitabu. Plagi nyeusi yenye masizi makavu inasema mafuta mengi kuliko hewa, iliyolowa petroli inasema mafuta yanafika ila cheche hakuna au ni dhaifu, na kavu kabisa baada ya kupiga stata sana inasema mafuta hayafiki. Ipige picha kama ilivyotoka, usiifute kwanza.

LINAWAKA, UKIACHIA SWICHI LINAZIMA

Hii dalili naiheshimu. Umeshikilia swichi linaunguruma safi, ukitoa kidole linakata. Angalia oili, basi. Kama oili ipo, mara nyingi kontrola haioni umeme ukitoka, inadhani injini haijawaka, inakata. Chanzo kinaweza kuwa brashi za kaboni zimekwama au pete zinazosugua zimefanya kutu kwa kukaa, au waya wa kupeleka habari kwenye kontrola, au kontrola yenyewe imekufa. Kama uko ndani ya waranti usiguse. Kontrola ni kipande cha bei, na kama kweli imekufa ndicho kitu ambacho waranti iliandikwa kwa ajili yake. Nje ya waranti, fundi anayejua brashi anaweza kukusaidia kwa hela ndogo kabla hujaambiwa ununue kontrola, mwombe apime hizo kwanza.

LINAPUMUA, LINAPANDA NA KUSHUKA

Wuuu-wuuu-wuuu, taa ndani zinafifia na kuwaka. Tundu la kabureta limeziba nusu, hadithi ni ileile ya petroli iliyokaa. Likiwa linapumua kidogo tu, jaza petroli mpya yenye dawa, liendeshe likiwa na mzigo wa nusu kwa masaa mawili matatu, mara nyingi linatulia. Wako wanaokwenda kukaza au kulegeza skrubu ya gavana ili mlio utulie, nawaomba msifanye. Gavana ndo inayoshika spidi, na spidi ndo inayoshika hezi 60, yaani mapigo ya umeme kwa sekunde, ukiichezea unaweza kuunguza AC na maikrowevu, na hapo hakuna waranti ya jenereta wala ya vyombo.

Lakini kama uko milimani, subiri. Hewa ya juu ni nyepesi, mchanganyiko unakuwa na mafuta mengi, moshi unakuwa mweusi, nguvu inapungua. Baadhi ya kabureta za majenereta haya zina kirekebisho cha mwinuko, kisukumizi kidogo chenye namba za futi, na kukisogeza hakuhesabiwi ni kufungua, kipo kwa ajili ya mwenyewe. Kumbuka kukirudisha ukishuka, maana ukikimbia Texas na seti ya milimani injini inapata mafuta machache na inachemka.

LINAZIMA UKIWASHA AC

Piga hesabu kwanza. Jenereta la wati 4,000 kwa volti 120 linatoa ampea 33 hivi. AC moja ya paani ya BTU 13,500 (kipimo cha nguvu ya kupooza) ikishatulia inakula 12 mpaka 16, ila ile sekunde kompresa inaanza inadai zaidi sana. Maikrowevu kama 13. Hita ya maji ya umeme 12 hivi. Chaja ya betri nayo iko palepale haionekani, na kama betri zimeisha inavuta kwa nguvu zote. Kwa hiyo mke anapasha chakula, hita iko on, betri zinachaji, AC inaamka, jenereta linazama. Hilo siyo bovu.

Na mwinuko unakata tena: kanuni ya kawaida ni kupoteza kama asilimia 3.5 kwa kila futi 1,000 za kupanda. Pale Denver, futi 5,280, lile la 4,000 linabaki na kama 3,300. Ukipanda Leadville, mji wa milimani hukohuko Colorado, zaidi ya futi 10,000, unapoteza kama theluthi. Hapo hata fundi wa kiwanda hana la kukufanyia.

Jaribu hivi: zima kila kitu, liache lipate moto dakika tano, washa AC peke yake. Likibeba, lilikuwa limezidiwa. Likizima hata na AC peke yake karibu na usawa wa bahari, filta ya hewa ni safi, petroli mpya, hilo ni la kupeleka, na hayo majaribio yaandike kama yalivyo.

LINAUNGURUMA VIZURI, NDANI HAKUNA UMEME

Hii naikalia kidogo kwa sababu hapa ndo watu wanarushwa kama mpira, muuzaji anasema ni la jenereta, wa jenereta wanasema ni la motohomu.

Anza na kusubiri. Motohomu nyingi zina swichi ya kuhamisha umeme, ambayo inasubiri kama nusu dakika jenereta litulie ndo inaupitisha. Kuna motohomu nyingine, hasa ndogo na za zamani, hazina hiyo swichi kabisa: inabidi ule waya mkubwa wa umeme wa nje uuchomeke kwa mkono kwenye soketi iliyo ndani ya boksi la waya. Jirani yetu alinunua yake, akakaa mwezi mzima anaamini jenereta bovu, kumbe soketi ilikuwa pale imefunikwa na mkunjo wa waya.

Kisha breka, zile swichi zinazokata umeme ukizidi. Zile za kwenye paneli ndani, na zile za kwenye jenereta lenyewe, mara nyingi ubavuni. Breka iliyokata wakati mwingine inaonekana kama iko on, kwa hiyo isukume kwanza mpaka off kabisa, mlio usikike, halafu on. Soketi za bafuni na jikoni zenye vitufe viwili, bonyeza na hizo.

Sasa swali la kugawa waranti: je, umeme unatoka kwenye jenereta? Kama motohomu yako ina ile soketi ya kuchomeka, chomeka kipimo hapo. Volti 120 hivi? Jenereta ni zima, tatizo liko kati ya hapo na ndani, yaani swichi ya kuhamisha au waya wa kiwanda cha motohomu, na waranti ni ya mtengenezaji wa motohomu. Hakuna umeme? Ni la mtengenezaji wa jenereta. Njia nyingine, chomeka motohomu kwenye umeme wa kambi. Kama ndani kote kunawaka, paneli na soketi ni nzima. Ila boksi la swichi ya kuhamisha usilifungue kama huna ufundi wa umeme, ndani yake kuna volti 120 zinazoua.

Maana watu hawajui kwamba motohomu moja ina waranti nyingi. Chasisi na injini ni ya kampuni ya gari. Nyumba ni ya kiwanda cha motohomu, na mara nyingi ndo fupi kuliko zote. Jenereta, friji, AC, kila kimoja kina kampuni yake na karatasi yake. Kuna watu nimeongea nao waranti ya nyumba iliisha mwaka wa kwanza, wakaamini kila kitu kimeisha, wakalipia jenereta ambalo bado lilikuwa na waranti yake. Tafuta ile bahasha nene uliyopewa siku ya kununua, mwage yote mezani.

WARANTI YENYEWE

Kuna uoga mmoja nataka kuutoa. Wako wanaoambiwa kwamba wakibadilisha oili wenyewe waranti imekufa. Siyo kweli. Marekani ipo sheria ya shirikisho ya Magnuson-Moss ya mwaka 1975, na kwa sheria hiyo kampuni haiwezi kukufungia waranti kwa sababu tu umefanya matunzo ya kawaida mwenyewe au umetumia filta ya kampuni nyingine, labda kama vitu hivyo inakupa bure. Lakini isomeni na upande wa pili: kama kazi uliyofanya au kipuri ulichoweka ndicho kilicholeta uharibifu, wana haki ya kukataa uharibifu huo. Kabureta yangu ya Colorado iliingia hapo. Walikataa kabureta tu, jenereta lililobaki likaendelea kuwa na waranti, na mwaka uliofuata iliniokoa.

Kilichonipa nguvu ni daftari. Daftari la shule la kawaida, liko kwenye kabati juu ya kiti cha dereva. Kila oili naandika tarehe, masaa ya mita, aina ya oili, risiti nabana kwa pini. Na kila mwezi naliwasha masaa mawili kwa mzigo wa nusu, yaani AC moja inatosha, kama vitabu vya Onan vinavyoelekeza, naandika pia. Kuwasha dakika kumi bila mzigo ukazima hakusaidii kitu, injini haipati moto wa kukausha unyevu ndani yake.

Basi mwaka uliofuata, mwezi wa tatu, jenereta likaanza ile dalili ya kukata ukiachia swichi. Oili ipo. Petroli mpya. Betri 12.7. Nikarekodi taa inapepesa, nikarekodi sauti, nikaandika namba ya modeli na namba ya serial kutoka kwenye kibandiko, masaa 212. Sikugusa nati. Nikapiga simu kampuni ya jenereta, siyo muuzaji wa motohomu, nikaomba namba ya kesi na nikaomba wanitumie kwa barua pepe, kwa sababu tarehe ya kuripoti ni muhimu: kosa likiripotiwa ndani ya muda una mguu wa kusimamia hata kama foleni ya fundi itakupeleka nje ya muda. Fundi alipopima akasema kontrola, daftari akaliangalia kurasa mbili, akapiga picha, ikabadilishwa bila kunilipisha.

Ukipiga simu, uliza haya kabla hujaburuza gari. Fundi aliyeidhinishwa ni yupi karibu nami, na kuna anayekuja mpaka nilipo, na nauli yake nani analipa, maana mara nyingi waranti hailipi safari. Kulitoa jenereta kwenye gari na kulirudisha kumo au nalipia mwenyewe. Ikionekana kosa siyo la kiwanda, gharama ya kuchunguza ni kiasi gani. Foleni ni wiki ngapi. Wakikwambia wiki saba, omba jina la kituo kingine kilichoidhinishwa, usiwe na haya, kesi yako haijafungwa kwa gereji moja, na motohomu inaweza kubaki kwako ukiendelea kutumia umeme wa kambi mpaka siku yako ifike.

Kama ulinunua ule mkataba wa huduma wa miaka ya nyongeza, huo siyo waranti ya kiwanda, ni kitu kingine kabisa na masharti yake ni makali zaidi: mingi inataka kibali kabla fundi hajafungua chochote. Fundi akifungua kwanza ndo mkapiga simu, hela hakuna. Mwambie fundi hilo siku unamkabidhi funguo, na umwandikie kwenye karatasi ya kazi.